Picha ya Mwili Mzima

"Mama Ikram, usishtuke. Gari limelala kidogo."

Hivyo ndivyo Mhina alivyomwambia mkewe kwenye simu asubuhi ile, kwa sauti ya mtu anayeulizia kama chumvi bado ipo. Hamisa alikuwa uani kwake, Kwedizinga, mikono imejaa mafuta ya nazi, anamchua kifundo cha mguu binti wa jirani aliyeteguka akitoka kuchota maji. Akauacha mguu wa watu hewani.

"Gari linalala? Limelalaje?"

"Limelala chali," Mhina akasema. "Lakini sisi wazima. Nicolaus kachubuka kichwa, basi. Wametuleta hospitali hapa Korogwe, taratibu zao tu. Usihangaike kuja."

Usihangaike kuja! Ukitaka kumpandisha Hamisa mori, mwambie asihangaike. Alimfunga yule binti kifundo kwa kitambaa, akamkataza kukanyaga, akajitanda khanga yake na kutoka hata mafuta hajanawa vizuri.

Njia nzima alikuwa anamsema mumewe kimoyomoyo. Mhina ni mtu wa "mzima." Mkute na homa, meno yanagongana, muulize habari, atakwambia mzima. Mwaka mmoja nyuki walimvamia shambani, uso ukavimba hata macho hayaonekani, jirani akapita akauliza hujambo. Akajibu sijambo kabisa, sijui wewe na watoto! Hamisa alishamzoea. Maneno ya Mhina hakuyajali, maana alikuwa na mikono yake. Kwedizinga yote na vijiji vya kando waliijua mikono hiyo. Mtu ameteguka, mtoto ameanguka mtini, mzazi mgongo umekaza, wote kwa Hamisa. Akipitisha kidole anapajua panapouma kabla mwenyewe hajaguna. Na tusifichane, alikuwa anajisikia kwa hilo.

Alimkuta Mhina kwenye benchi la mapokezi ya dharura, kofia kichwani, suruali imejaa vumbi jekundu, anapokea pole kama mwenye shughuli. Pembeni yake alikaa Ikram, binti yao anayefundisha shule ya msingi pale Kilole. Yeye aliwahi kufika kwa kuwa yuko karibu, na macho yalishamwiva kwa kulia. Nicolaus, dereva wa gari lile, mjukuu wa wale watu waliokuja zamani kukata mkonge, alikuwa chumba cha ndani anashonwa kichwa. Kelele zake zilifika mpaka barabarani.

"Msikie mwenzako," Hamisa akasema, hata salamu hakutoa. "Anapiga kelele kama mtu mwenye akili zake. Wewe umeumia wapi?"

"Mimi mzima, mama. Nimetoka dirishani mwenyewe. Nimesaidia hata kukusanya magunia yaliyomwagika garini."

"Hebu nikuone."

Akamkagua palepale mbele za watu. Kichwa, akapapasa. Shingo, akaigeuza pole pole. Mabega, mikono, mbavu moja moja, mapaja, magoti. Alipofika tumboni upande wa kushoto, Mhina akamdaka mkono. "Mama Ikram, watu wanatuangalia," akasema, na benchi zima likacheka. Hamisa naye akacheka, akavuta khanga yake vizuri.

"Hakuna kilichovunjika," akatangaza. "Mwanangu Ikram, mshike baba yako mkono, twende zetu nyumbani."

Hapo ndipo alipotokea daktari. Binti mrefu, mikono ya koti ameikunja, jina lake Joyceline, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Ikram.

"Shikamooni wazazi."

"Marahaba."

"Mzee, zamu yako sasa. Unaingia kwenye siti skani. Tunakupiga picha ya mwili mzima."

Mhina akanyoosha mikono yote miwili. "Si ndio huu, mwanangu? Mwili mzima huu hapa. Piga hata na simu."

Watu wakacheka tena. Daktari naye alitabasamu, ila hakusogea.

"Daktari," Hamisa akaingilia, "huyu mimi nimemshika mwenyewe. Hana kitu."

"Mikono yako sibishani nayo, mama. Nimezaliwa hapahapa Korogwe, mimi mwenyewe nimechuliwa na bibi yangu." Joyceline akachuchumaa ili awe sawa nao machoni. "Lakini mkono unashika mfupa. Damu ikivujia ndani tumboni, mkono unakuja kuijua wakati imeshachelewa. Ile mashine inapita kuanzia utosini mpaka kwenye nyonga kwa mara moja, inamkata mtu vipande vyembamba kama slesi za mkate, halafu sisi tunasoma slesi moja moja."

"Inamkata?" Ikram akaruka.

"Inamkata kwa picha, dada. Kisu hakuna."

"Na kama haumwi?" Hamisa akauliza. "Mtu haumwi, unamtafutia nini ndani?"

"Mama, hii picha hatumpigi kila aliyejikwaa. Miale yake si ya kuchezea. Ila gari likishabingirika likalala chali, tena mtu mwenyewe mtu mzima wa umri wa mzee, mimi siulizi tena anaumwa wapi. Nauliza gari lilifanyaje. Nicolaus anayelia hanitishi, nimeshajua pa kumshika. Anayenitisha ni huyu anayecheka."

Mhina akasema amemshukuru sana, Mungu ambariki, lakini yeye angekwenda nyumbani, na akijisikia vibaya angerudi. Alikataa kwa adabu, na adabu yake ilikuwa ngumu kuliko ubishi wa mtu mwingine. Daktari akamwambia hawezi kumfunga kamba, anamwomba tu akae kidogo afikirie. Nicolaus akaita tena kwa kelele, binti wa watu akakimbilia ndani.

Hamisa akaanza kukusanya vitu. Moyoni alikuwa ameshaamua. Watoto hawa wa mashine, akawaza, hata wakiona mtu amesimama lazima wamtafutie ugonjwa.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. "Niswali kwanza, ndipo twende," Mhina akasema. Ikram akamletea maji kwenye chupa, akatawadha palepale penye mfereji wa maji, Ikram amemshika kiwiko. Hamisa akamtandikia khanga safi sakafuni, pembeni ya ukuta, kuelekea kibla.

Mhina aliiangalia ile khanga. Kisha akarudi benchini pole pole, akageuza uso wake kuelekea kibla, akainua mikono mpaka masikioni. Allahu akbar. Akaanza kuswali amekaa.

Watu wengine hawakuona kitu. Mzee ametoka kwenye ajali, anaswali amekaa, kuna ajabu gani? Lakini Hamisa aliona. Aliishi na mwanaume huyu tangu ujana wao. Alimwona akiswali na malaria, ameushika mwimo wa mlango asianguke, lakini amesimama. Alimwona akiswali siku wanamzika mama yake, machozi yanadondoka kwenye kanzu, amesimama. Mwenye uwezo wa kusimama hana ruhusa ya kuswali faradhi amekaa, na Mhina anaijua sheria hiyo kuliko anavyolijua shamba lake. Watu atawaambia mzima, mkewe atamwambia mzima, daktari atamwambia mzima. Mwenyezi Mungu hawezi kumwambia uongo.

Yallah! Basi hapo benchini mumewe alikuwa anakiri mbele ya kila mtu, na hakuna aliyekuwa anasikia.

Swala haikatizwi. Hamisa akasimama hapohapo, khanga ameibana kwa meno, anasubiri. Rakaa zile zilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuziona. Mhina alipoinama kidogo kwa kurukuu, Hamisa aliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na siku yenyewe haikuwa na joto. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto.

"Mhina." Hakumwita Baba Ikram. "Umeswali umekaa."

Mhina akaangalia chini.

"Nilipotaka kusimama dunia ikazunguka," akasema taratibu. "Na bega hili la kushoto linavuta. Itapita tu."

"Na sisi unatuambia mzima?"

"Ninyi ningewaambia nini? Mtoto mwenyewe analia tangu asubuhi."

"Daktari!" Hamisa akapiga ukelele, na ukelele ule ulimnyamazisha hata Nicolaus. "Daktari, njoo! Njoo mchukue! Mpige picha zote ulizonazo!"

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mhina alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, shingo imewekewa kola ngumu, sindano imeingia mkononi. Joyceline akapima presha, hakupenda alichokiona, akasema twende. Mhina alikataa kuachia mkono wa mkewe mpaka mlangoni, hivyo Hamisa akaruhusiwa kusimama kwenye kichumba cha kioo walikokaa mafundi wa picha.

Upande wa pili wa kioo palikuwa na pete kubwa nyeupe, wima, kubwa kuliko gurudumu la trekta. Mumewe akaingizwa ndani yake polepole, kitanda kinateleza chenyewe. Sauti ikatoka kwenye mashine ikamwambia avute pumzi, aishike. Mhina, mtu asiyemsikiliza yeyote, akaishika. Wakampitishia dawa ya kuing'arisha mishipa ya damu, naye akasema kwa sauti kwamba wamsamehe, anahisi kama amejikojolea. Fundi akamwambia kupitia spika kwamba ni joto la dawa tu, mzee, wote wanasema hivyo. Ile pete ikanguruma, kitanda kikaenda, kikarudi. Hata chai isingepoa. Hamisa hakuamini kwamba imeisha.

Joyceline alikuwa ameinamia kompyuta. Kidole chake kinazungusha kigurudumu cha kipanya, na macho hayapepesi. Ghafla kidole kikasimama.

"Bandama," akasema. Kisha akachukua simu, akaongea maneno machache tu, ya haraka. Hamisa alisikia "tiata" na "damu" na "sasa hivi."

Akageuka. "Mama, bandama ya mzee imepasuka, kushoto, chini ya mbavu. Inavuja. Anaingia kupasuliwa sasa."

"Na tungekuwa tumeondoka?"

Binti wa watu akamheshimu kwa kumwambia kweli. "Kwedizinga msingefika naye, mama."

Mhina akasukumwa kwenda tiata, Ikram akaenda kutoa damu kwa ajili ya baba yake, na Hamisa akabaki kwenye korido. Aliitazama mikono yake. Mikono hii ilifika mlangoni kabisa, ikaondolewa kwa utani, na yeye akacheka. Akaichukia kwa muda. Akasoma kila dua aliyofundishwa chuoni utotoni, na zilipokwisha akaanza upya.

Alasiri Joyceline akaja kumtafuta. Alisema upasuaji unaendelea, mzee anapumua vizuri, damu ya Ikram imefaa. Akamwona mama wa watu bado anasoma dua, akamhurumia. "Njoo nikuonyeshe kilichotokea," akasema. "Ukikiona utaelewa wanachofanya kule ndani."

Akamkalisha mbele ya kompyuta. "Huyu ndiye mumeo."

Hamisa alitegemea kuona mifupa, kama zile eksirei za kushika juani. Lo! Alichoonyeshwa kilikuwa kingine. Joyceline alianzia juu kabisa, akashuka. Ubongo ukajitokeza, umejikunja kwenye fuvu lake. Macho mawili, duara kabisa. Ulimi. Pingili za shingo zikaja moja baada ya nyingine, zimepangana bila kosa, na daktari akasema hapa pazima, hapa pazima. Mapafu yakafunguka, meusi, na ndani yake mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi. Kisha moyo.

"Huo?" Hamisa akanong'ona.

"Huo."

Subhanallah. Moyo wa Mhina, mkubwa kama ngumi yake mwenyewe, umeegemea kushoto. Hamisa alikuwa amelala karibu na moyo huo maisha yake yote ya ndoa, akausikia unavyogonga usiku mvua inaponyesha, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku ataangaliana nao. Watu wote aliowachua! Wazazi, wazee, watoto. Aliwajua kwa nje tu, kama mtu anayeijua nyumba ya jirani kwa kupiga hodi mlangoni. Na ndani mwote kulikuwa na mambo haya, yamepangwa hivi, yanafanya kazi gizani bila kuambiwa. Alitaka kuinua mkono aguse kioo, akaogopa.

"Na hii hapa ndiyo bandama." Joyceline akaonyesha mpasuko, na damu iliyokuwa imetapakaa tumboni. "Wanaitoa. Mtu anaishi bila hiyo, atahitaji chanjo na uangalizi, ila anaishi."

"Alhamdulillahi."

"Kuna kitu nilitaka kukuuliza, mama. Si cha leo, usiogope." Akarudisha picha juu kidogo, upande wa kulia. "Hizi mbavu tatu ziliwahi kuvunjika. Zamani sana, zimeshaunga zenyewe. Unaona hapa zilivyovimba? Alianguka lini?"

"Mhina?" Hamisa akatikisa kichwa. "Mhina hajawahi kuvunjika mbavu. Mimi ndiye mkewe. Hicho ni kijivimbe cha kuzaliwa nacho, hata nikimchua nakipita. Aliniambia mwenyewe amezaliwa nacho."

"Hapana, mama. Hizi zilivunjika. Na ziliuma. Mbavu tatu, kila ukivuta pumzi zinakukumbusha. Mtu hawezi hata kulala chini. Wengi wanalala wamekaa wiki nyingi."

Wanalala wamekaa.

Hamisa akakumbuka.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino. Uchungu wa Ikram ulimshika alfajiri, barabara imekatika, gari hakuna. Mhina akampakia kwenye keria ya baiskeli, akaanza kuisukuma kwenda zahanati. Njiani ukingo ukamomonyoka, wakaporomoka korongoni wote, baiskeli, mke, tumbo na vyote. Yeye Hamisa aliangukia juu ya mumewe. Hakupata hata mchubuko. Alimuuliza, umeumia? Mhina akasema mzima, wewe je? Akamnyanyua, akainyanyua baiskeli, akasukuma kwenye tope mpaka zahanati, na Ikram akazaliwa kabla jua halijawa kali.

Na baada ya hapo, arobaini nzima ambayo Hamisa alikuwa ndani na mtoto wake, Mhina alilala ameegemea ukuta, ameketi. Akiulizwa anasema mvua zimeleta siafu, yeye analinda mtoto. Jamani! Hamisa alikifanya kisa hicho kichekesho. Alikisimulia kwenye harusi, kwenye ngoma, kwenye harusi ya Ikram mwenyewe mbele ya wakwe, jinsi Baba Ikram alivyo mwoga wa siafu mpaka akalala amekaa kama bundi. Watu walikuwa wanagaragara kwa kicheko. Na Mhina alicheka nao kila mara, miaka yote hiyo, hakuwahi kumkosoa hata neno.

"Mama?" Joyceline alimshika bega. "Nimekukwaza?"

"Hapana, mwanangu." Akasogeza kiti karibu na kioo. "Niachie kidogo niangalie."

Akaziangalia. Zilikuwa mbavu tu, zenye mafundo meupe mahali zilipoungana, na daktari wa watu hakujua anachomwonyesha. Hamisa alikaa mbele ya kioo kile mpaka alipoitwa kuambiwa kwamba mumewe ametoka salama.

Kesho yake asubuhi Mhina alikuwa na akili zake. Amelala wodini, mpira wa dripu mkononi, tumbo limefungwa, midomo imekauka. Ikram alikwenda kumtafutia uji. Hamisa akavuta kiti karibu.

"Nimekuona," akamwambia.

"Umeniona nini?"

"Ndani. Mwili wote. Daktari amenionyesha." Akaweka kiganja taratibu juu ya ubavu wa kulia, pale penye kijivimbe. "Hizi zilivunjika korongoni."

Mhina akageuza uso kuangalia dirisha.

"Zilivunjika, ukanisukuma mpaka zahanati nazo. Ukalala umekaa. Na mimi nimekucheka mbele ya wakwe." Hamisa alianza kwa ukali, maana ndio aliouzoea, lakini ukali ukamkatikia njiani. "Kwa nini hukuniambia, Mhina?"

Kuvuta pumzi kulimgharimu Mhina, na safari hii hakuficha.

"Mama Ikram," akasema, "siku ile uchungu ulikuwa wako. Ningekuja na wangu?"

Hamisa akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza kumetokea nini.